Kope zinazolegea jioni: maradhi ya makutano ya neva na msuli

Mtu huamka asubuhi akiwa mzima. Hunywa chai, husalimiana na majirani, huenda kazini. Ifikapo alasiri kope moja huanza kulegea, na akitazama barabarani huona pikipiki mbili mahali palipo na moja. Wakati wa chakula cha usiku taya humchoka kabla hajashiba, na sauti humtoka puani. Akilala, kesho yake dalili hizo huwa zimepungua au zimetoweka kabisa, kisha hurejea jua linapoinama. Baada ya wiki kadhaa minong'ono huanza nyumbani: amerogwa, au amelishwa sumu.

Dhana ya kulishwa sumu si ngeni katika eneo la Maziwa Makuu, na katika mji wa mpakani kama Kamembe, unaotazamana na Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, maelezo ya aina hiyo husafiri haraka kuliko barua ya rufaa. Hata hivyo, mgonjwa mwenye dalili zilizotajwa hapo juu huenda ana maradhi yenye jina, yenye vipimo na yenye tiba. Hospitali ya Gihundwe, mojawapo ya hospitali za wilaya zinazohudumia wakazi wa Rusizi, ni mahali pa aina ile ambapo maradhi hayo yanaweza kutambuliwa mapema au kupita bila kuonekana. Yakipita bila kuonekana, hatari kubwa inaweza kutoka kwenye kabati la dawa lenyewe, kama itakavyoelezwa.

Ugonjwa mkuu katika kundi hili huitwa miastenia gravisi. Ni adimu: makadirio yanayotajwa mara nyingi ni wagonjwa 150 hadi 200 katika kila watu milioni moja. Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu Rusizi kuwa na wakazi wanaokaribia nusu milioni. Iwapo kiwango hicho kingekuwa sawa hapa, wilaya hiyo moja ingekuwa na makumi ya wagonjwa, wengi wao wakiwa hawajui jina la kinachowasumbua.

Mahali neva inapokutana na msuli

Neva haigusani na msuli. Kati yao upo upenyo mwembamba, zaidi ya mara elfu moja kuliko unene wa unywele. Amri inayotoka kwenye ubongo au uti wa mgongo hufika mwisho wa neva ikiwa umeme, lakini umeme huo hauwezi kuruka upenyo. Badala yake, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini kutoka katika vifuko vidogo. Kemikali hiyo huvuka, hushika vipokezi vilivyo juu ya msuli, na msuli hujikunja. Mara moja kimeng'enya kilichopo hapohapo huivunjavunja kemikali hiyo ili msuli ulegee na kuwa tayari kwa amri inayofuata. Yote hayo hutokea ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mwili wenye afya una akiba kubwa mahali hapa. Neva inapotumika mfululizo, kiasi cha asetilikolini kinachomwagwa hupungua kidogo kidogo, lakini mtu mzima hahisi lolote kwa kuwa vipokezi ni vingi. Kwa mgonjwa wa miastenia, kingamwili ambazo kazi yake ni kupigana na vijidudu hugeuka na kushambulia vipokezi vyenyewe. Akiba huisha. Asubuhi, baada ya mapumziko, kilichobaki hutosha. Jioni, baada ya siku nzima ya kupepesa macho, kuzungumza na kupanda vilima, hakitoshi tena. Misuli ya macho huwa ya kwanza kulalamika, na kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa huishia hapo. Kwa wengi wao huenea hadi kwenye taya, koo, shingo, mabega na, pabaya zaidi, misuli ya kupumua.

Joto huongeza udhaifu, na ubaridi huupunguza, kwa sababu kimeng'enya kinachovunja asetilikolini hufanya kazi polepole zaidi penye ubaridi. Mkulima wa mpunga wa bonde la Bugarama, sehemu ya Rwanda iliyo chini na yenye joto kali, anaweza kuuona ugonjwa uleule ukiwa mkali kuliko angeuona ndugu yake anayeishi kwenye miinuko karibu na msitu wa Nyungwe.

Mbegu ya Calabar

Daktari Mwingereza Thomas Willis alimweleza mgonjwa wa namna hii tangu mwaka 1672: mwanamke aliyezungumza vizuri kwa muda, kisha sauti ikamkauka kabisa. Jina la ugonjwa lilitokana na kazi ya Friedrich Jolly wa Berlin mwaka 1895. Lakini kwa muda mrefu jina ndilo lililokuwa karibu kila kitu ambacho madaktari walikuwa nacho.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1934 katika Hospitali ya St Alfege, Greenwich, London. Daktari Mary Walker aligundua kwamba mgonjwa wa miastenia alifanana na mtu aliyepewa kurare, sumu ambayo wawindaji wa Amerika Kusini hupaka mishale. Alijua kwamba kurare ina kiuasumu chake, fizostigmini, basi akaijaribu kwa mgonjwa wake. Kope iliyokuwa imeanguka ikainuka kwa saa kadhaa. Fizostigmini hutoka katika mbegu ya Calabar, ya kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, ambako watu walioshukiwa kuwa wachawi walinyweshwa mbegu hiyo ili hatia yao ibainike. Inafaa jambo hili likumbukwe kila mgonjwa wa miastenia anapoambiwa amerogwa: dawa iliyomfaa mgonjwa kama yeye ilitokana na kiapo cha kuwatafuta wachawi.

Sababu ya ugonjwa ilithibitishwa baadaye sana. Mwaka 1960 daktari John Simpson wa Uskoti alipendekeza kwamba mwili hujishambulia wenyewe. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Jim Patrick na Jon Lindstrom, waliwachanja sungura kwa vipokezi vilivyosafishwa, na sungura hao wakalegea kama wagonjwa. Sumu ya nyoka, inayong'ang'ania vipokezi hivyo, ndiyo iliyotumika kuvihesabu na kuonyesha kwamba wagonjwa wana vichache.

Neno «nimechoka»

Utambuzi huanza na lugha, na hapo ndipo mambo mengi huharibika. Mgonjwa anayezungumza Kiswahili husema «nimechoka». Neno hilo hubeba uchovu wa kazi, huzuni, njaa, upungufu wa damu na udhaifu wa msuli kwa pamoja. Kinyarwanda hutenganisha umunaniro, yaani uchovu, na intege nke, yaani kukosa nguvu, lakini mgonjwa aliyekosa usingizi kwa hofu hutaja yote mawili. Mhudumu anayeuliza zaidi hupata jibu lenye manufaa: ni nini hasa kinachokataa? Ni kutafuna, kumeza, kuchana nywele, kushika kichwa kisiangukie kifua? Je, hukataa saa zote au huanza vizuri kisha kushindwa? Uchovu wa kawaida hauangushi kope moja na kuiacha nyingine.

Kuna tatizo jingine la ratiba. Wagonjwa wengi huondoka nyumbani alfajiri ili wawahi foleni, na daktari huwaona wakiwa katika saa zao bora. Mgonjwa aliyelegea jana usiku huonekana mzima leo saa tatu asubuhi, na huandikiwa vitamini. Tiba ya tatizo hilo ni rahisi. Mgonjwa huombwa atazame dari bila kushusha macho kwa dakika moja au mbili, na kope zinazochoka huteremka taratibu mbele ya daktari. Huombwa pia anyooshe mikono mbele, au ahesabu kwa sauti hadi matamshi yaanze kuvurugika. Hisia za ngozi huwa salama, na mboni za macho huitikia mwanga kama kawaida. Mambo hayo mawili husaidia kuutenga ugonjwa huu na kiharusi na maradhi mengine ya neva.

Kisha huja barafu. Kipande kilichofungwa katika glavu au kitambaa huwekwa juu ya kope iliyoanguka kwa dakika 2 hadi 5. Kope ikiinuka kwa milimita 2 au zaidi, miastenia huwa jambo la kushukiwa kwa nguvu. Kipimo hiki hakigharimu chochote mahali palipo na jokofu la maabara. Mahali palipo na mtaalamu wa kutia usingizi, sindano ya neostigmini, ambayo hutumika katika chumba cha upasuaji kuamsha misuli baada ya operesheni, inaweza kutolewa kwa uangalizi, atropini ikiwa tayari kwa sababu moyo unaweza kupunguza mapigo. Nguvu zikirudi ndani ya nusu saa, shaka hupungua sana.

Vipimo vya juu zaidi huhitaji rufaa. Mwanachama wa bima ya afya ya jamii, Mutuelle de Santé, huanzia kituo cha afya, hupitia hospitali ya wilaya, kisha hupelekwa hospitali ya rufaa, kama ile ya chuo kikuu iliyoko Kigali, CHUK. Safari ya barabara kutoka Kamembe hadi mji mkuu ni zaidi ya kilometa 200, na hupita katikati ya Nyungwe. Kwa mtu anayeshindwa kumeza mate, si safari ya kuanza bila maandalizi.

Vipimo hivyo ni vya aina tatu. Kimoja ni cha umeme: neva husisimuliwa mara tatu kwa sekunde, na nguvu ya mwitikio wa msuli hupimwa, ikishuka kwa zaidi ya asilimia 10, makutano ya neva na msuli yana hitilafu. Cha pili ni cha damu. Kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilikolini hupatikana kwa wagonjwa wapatao 85 kati ya 100 wenye ugonjwa ulioenea mwilini, lakini kwa takribani nusu tu ya wale wenye ugonjwa wa macho pekee. Tangu mwaka 2001 inajulikana kwamba baadhi ya wasio na kingamwili hizo wana nyingine, dhidi ya protini iitwayo MuSK. Kwa hiyo majibu hasi ya damu hayamwachi mgonjwa huru. Cha tatu ni sikani ya CT ya kifua, kwa sababu wagonjwa 10 hadi 15 katika kila 100 wana uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua.

Magonjwa jirani, na sumu za kweli

Ugonjwa wa Lambert-Eaton, ulioelezwa mwaka 1956, hushambulia upande wa neva badala ya upande wa msuli. Huanza miguuni, hukausha mdomo, na nguvu zinaweza kuongezeka kidogo baada ya jitihada fupi. Karibu nusu ya wagonjwa wake wana saratani ya mapafu inayohusiana na uvutaji wa sigara, hivyo kuutambua ni sababu ya kupiga picha ya kifua bila kukawia. Upo pia udhaifu wa kurithi, unaoanza utotoni. Huo hautokani na kingamwili, na steroidi hazina kazi kwake.

Na wale wanaodhani mgonjwa amelishwa sumu hawakosei nyakati zote, kwa kuwa sumu kadhaa hufanya kazi katika upenyo huohuo.

Botulizimu ni mfano wake mkali. Sumu ya bakteria huzuia neva isimwage asetilikolini kabisa. Mnamo Oktoba 2008 wanafunzi watatu wa shule ya bweni nchini Uganda walilazwa hospitalini na mmoja akafariki. Uchunguzi ulikuta sumu hiyo katika kikolezo cha chakula kilichotengenezwa nyumbani kwa mafuta, aina ambayo wanafunzi wengi huenda nayo shuleni. Ulikuwa mlipuko wa kwanza wa botulizimu ya chakula kuthibitishwa nchini humo. Nchini Kenya, taarifa ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 1980 ilihusisha mlipuko mwingine na ulaji wa mchwa. Dalili huanza machoni na kuteremka, kama ilivyo kwa miastenia, ila huja kwa saa au siku chache, mboni zinaweza kutanuka, na mara nyingi zaidi ya mtu mmoja aliyekula chungu kimoja huugua.

Dawa za kuua wadudu mashambani, hasa za kundi la oganofosfeti, hufanya kinyume: huzuia kimeng'enya, na asetilikolini hujaa kupita kiasi. Mgonjwa hutokwa mate, machozi na jasho, mboni husinyaa, misuli hucheza yenyewe. Atropini humwokoa na mafuriko hayo. Familia nyingi hazijui kwamba siku moja hadi nne baadaye, aliyeonekana kupona anaweza kulegea shingo na kushindwa kupumua; ndiyo maana hospitali hukataa kumruhusu mapema. Sumu za koboko na baadhi ya jamii za fira pia hulegeza kope na pumzi kwa kuingilia makutano haya.

Tiba

Piridostigmini, mjukuu wa dawa ya Mary Walker, ni kidonge kinachozuia kimeng'enya ili asetilikolini idumu kidogo zaidi. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO. Hufanya kazi kwa saa tatu au nne, hivyo humezwa mara kadhaa kwa siku, na mgonjwa mwenye busara huipanga kabla ya milo ili aweze kutafuna. Tumbo kukata, kuharisha na mate mengi ni madhara ya kawaida. Kuongeza vidonge bila ushauri ni hatari, kwa maana dozi kubwa mno nayo hulegeza misuli, na mgonjwa akadhani anahitaji vingine zaidi.

Dawa hiyo hupunguza dalili bila kugusa chanzo. Kutuliza kingamwili ni kazi ya prednisoloni, ambayo kwa kawaida huanzishwa kwa kiasi kidogo, kwa sababu dozi kubwa ya ghafla inaweza kuzidisha udhaifu katika wiki mbili za mwanzo. Katika nchi zetu ni lazima kwanza kifua kikuu kichunguzwe, na minyoo itibiwe, kwani steroidi huamsha vyote viwili. Sukari na shinikizo la damu hupimwa mara kwa mara. Azathioprini huongezwa ili steroidi zipunguzwe, lakini huchukua miezi mingi kabla ya matunda yake kuonekana, na wapo wanaoiacha katika mwezi wa tatu wakiamini haifai.

Upasuaji wa kuondoa thaimasi ulifanywa na Alfred Blalock nchini Marekani mwaka 1936. Kwa miaka 80 madaktari walibishana kama unasaidia wasio na uvimbe, hadi utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 126, uliochapishwa mwaka 2016, ulipoonyesha kwamba waliopasuliwa walikuwa na nguvu zaidi na walihitaji prednisoloni kidogo. Dawa mpya za sindano zilizoidhinishwa Marekani na Ulaya tangu mwaka 2017 zina bei isiyofikika kwa wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki. Wagonjwa wengi hata hivyo hurudi kwenye maisha ya kazi kwa vidonge vya zamani. Kundi moja linahitaji uangalizi wa pekee: watafiti wa Cape Town wameeleza vijana wenye asili ya Kiafrika ambao misuli ya macho yao hubaki imekwama licha ya matibabu, na kwao kuchelewa kuanza dawa kuna gharama kubwa.

Dawa za kawaida zilizo hatari

Mgonjwa wa miastenia anaweza kudhurika katika chumba kilekile alikokwenda kutafuta nafuu. Kwinini, ambayo bado hutumika pale mbadala wa kutibu malaria unapokosekana, hudhoofisha makutano ya neva na msuli. Hata soda chungu ya toniki ina kiasi chake. Artesunate ya sindano, ambayo WHO imeipendekeza badala ya kwinini kwa malaria kali tangu mwaka 2011, haijulikani kwa madhara hayo. Gentamisini, siprofloksasini, erithromisini na azithromisini ni viuavijasumu vinavyoweza kumwangusha mgonjwa. Propranololi, ya moyo na shinikizo la damu, imo katika orodha hiyo. Vivyo hivyo dawa za kulegeza misuli wakati wa operesheni, ambazo daktari wa usingizi hulazimika kuzipima upya.

Hilo halimaanishi kwamba maambukizi yaachwe. Nimonia au malaria isiyotibiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za mgonjwa kuzidiwa. Viuavijasumu vya jamii ya penisilini, na seftriaksoni, kwa kawaida huweza kutumika. Kinachohitajika ni mhudumu kujua kabla ya kujaza sindano, na kwa sababu hiyo mgonjwa hushauriwa kubeba karatasi yenye jina la ugonjwa wake na dawa anazopaswa kuepuka. Mfanyabiashara anayevuka daraja kwenda Bukavu kila siku hana uhakika ataugulia upande gani wa mto, hivyo karatasi hiyo ingefaa iandikwe kwa Kifaransa pia.

Kuzidiwa huonekana kwanza katika kumeza na kukohoa. Mgonjwa husongwa na maji, hushindwa kulala chali, huzungumza kwa maneno mawili mawili. Kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni kinaweza kuonyesha namba nzuri hadi dakika za mwisho, na kimewapumbaza wengi. Afadhali mgonjwa avute pumzi moja na kuhesabu kwa sauti: asipofika 20, anahitaji kuwa mahali penye mashine ya kupumulia. Huko hupewa kingamwili za kuchangiwa kwa njia ya mshipa, au plazma yake hubadilishwa.

Ujauzito haukatazwi kwa mwanamke mwenye miastenia, mradi ujulikane mapema na uzazi upangwe hospitalini. Anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida, ingawa misuli ya kusukuma huchoka. Tahadhari kubwa ni magneziamu salfeti, sindano ambayo kila wodi ya wazazi huitegemea dhidi ya kifafa cha mimba: kwa mama huyu inaweza kusimamisha pumzi, na daktari hutafuta dawa nyingine ya kuzuia degedege. Mtoto huangaliwa kwa siku kadhaa za mwanzo, kwa kuwa kingamwili za mama hupita kwenye kondo. Akizaliwa na kilio hafifu na kushindwa kunyonya, huweza kulishwa kwa mrija na kupewa dozi ndogo za dawa ileile ya mama, hadi kingamwili hizo zitakapoisha mwilini mwake, kwa kawaida katika wiki chache.